Kivinjari Kipya cha Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Soksi zimelowa. Mama amempigia shemeji tena.

Naandika haya jikoni kwangu, kwenye meza yangu, ndani ya nyumba niliyopanga mimi. Mama anaishi kwangu. Chumba chake ni cha nyuma, mlango wake unatazamana na wa choo. Akikohoa, nasikia. Akijigeuza kitandani, nasikia. Lakini tableti yake ikikwama, anaitwa nani? Mume wa dada yangu! Anakaa ng'ambo ya mji, anauza makava ya simu, na anajiita mhandisi. Mimi, mtoto wake wa kiume wa pekee, napata habari kupitia ukutani.

Basi Mhandisi akaja, kalowa chapachapa. Akafuta miguu mlangoni kwa muda mrefu, ili sote tuone jinsi anavyofuta miguu. Akaingia kwa mama. Mara nikasikia kicheko. Cha mama! Mama hajacheka na mimi tangu baba afariki mwaka juzi.

Alipotoka nikamuuliza, kwa upole kabisa, kulikoni. Akasema si kitu, shemeji, tableti imejaa tu, amepunguza picha mbili tatu. Akaongeza kwamba kivinjari ni kile kile kilichokuja na tableti, mama amekizoea, kwa hiyo tusikiguse.

Tusikiguse! Anasema "tu", anamaanisha mimi.

Ieleweke kwamba macho ya mama yamekwenda. Presha ya macho. Herufi ndogo hazioni tena, kwa hiyo kivinjari kinamsomea kurasa kwa sauti. Sauti ya mwanamke wa mashine, bapa, haina furaha wala hasira. Kila alasiri inanung'unika nyuma ya mlango na mama kimya anasikiliza. Habari za dunia, nadhani. Mke wangu anasema nimwache mama wa watu astarehe.

Siwezi kumwacha. Nimeamua. Nitamtafutia mama kivinjari bora kuliko hicho kikongwe cha shemeji. Atakizoea, atakipenda, na siku kitakapokwama ataniita mimi. Hilo tu ndilo ninalotaka. Aniite mimi kwanza. Sijaomba mwezi.

Jumanne, 7 Oktoba

Utafiti umeanza. Umeanza vibaya.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Nasimama nyuma ya pazia la nailoni na pasi ya mvuke, na mwenye duka, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Bi Mvuke kwa sababu ya tabia yake, anakaa mbele kwenye kaunta. Nimepakua vivinjari vitatu kwenye simu yangu. Mpango: mkono wa kulia pasi, mkono wa kushoto simu. Nafungua ukurasa mmoja kwenye kila kivinjari, nione kipi kina mbio. Sayansi.

Cha kwanza kilikuwa kizito. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, nami nikakikodolea macho. Nikasahau kwamba mkono wa kulia nao una kazi yake. Harufu ndiyo iliyonizindua.

Suruali ya mkuu wa shule! Kijivu, ya sherehe! Na alama ya pasi imekaa pale pale anapokalia.

Nilijikaza kisabuni. Nikatafakari. Nikabandika kile kikaratasi cha namba ya mteja juu ya alama, vizuri kabisa, kana kwamba ndipo mahali pake. Nilidhani nimemaliza. Wapi! Jioni mkuu wa shule amekuja, amebandua kikaratasi papo hapo kaunta, amenyanyua suruali mbele ya wateja wote na kuniuliza, kwa sauti ya darasani, kama hiyo ni kazi yangu. Nikasema si lazima iwe yangu. Tupo wapiga pasi wangapi dukani, akauliza. Nikasema nipo mimi.

Zamu ya Bi Mvuke. Alinikata jicho, akanitoa kwenye pasi na kunipeleka stoo kupanga hanga. Stoo hakuna dirisha. Huko mtandao haushiki.

Nimerudi nyumbani nimekwisha. Nyuma ya mlango wa mama, mashine inanung'unika. Nimegonga nikauliza kama anahitaji msaada wowote na tableti. Akasema hapana baba, iko sawa, we kapumzike.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mbinu mpya: hofu.

Niliketi na mama asubuhi kabla ya kazi, nikamwambia kwa uso wa huzuni kwamba kivinjari chake kimepitwa na wakati, kina matundu kila mahali, na watu wabaya wanaweza kuchungulia ndani. Akauliza watu gani. Nikasema wezi. Akauliza wanachungulia nini, mwanamke mzee asiye na kitu. Nikasema wanachungulia kila kitu, mama, kila kitu.

Nilitegemea aninyooshee tableti papo hapo. Badala yake alishukuru tu. Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Nimerudi nimekuta tableti imefunikwa mtandio! Mama ameifunika ili wezi wasimwone akibadili nguo. Sasa inakaa juu ya stuli imefunikwa gubigubi kama maiti, na sauti ya yule mwanamke wa mashine inatokea chini ya kitambaa. Mke wangu ameinamia sinki akicheka hadi amelishika kwa mikono miwili. Sioni cha kuchekesha.

Kibaya zaidi, mama alimpigia shemeji kuuliza kama ni kweli. Shemeji akamwambia si kweli, lakini kama kufunika kunampa amani, afunike tu. Mnafiki! Hakunitaja kwa ubaya hata kidogo. Anafanya makusudi.

Lakini leo nimegundua jambo. Nilikuwa natoka chooni, nikasimama kidogo mlangoni kwa mama. Si kusikiliza, kusimama tu. Mashine ilikuwa inasema habari za mafuta. Usimwage mafuta, tone moja linatosha, kwenye ncha ya sindano. Kisha springi. Kisha mafuta tena.

Matangazo! Mama yangu anasomewa matangazo ya mafuta ya mashine! Baba alikuwa fundi saa maisha yake yote, nyumba yetu ilinuka mafuta hayo hayo tangu nimezaliwa, na sasa wafanyabiashara wasio na haya wanamkumbusha mjane huzuni yake kila alasiri. Na Mhandisi wetu anasema tusikiguse!

Sasa si suala la wivu tena. Ni suala la kumwokoa mama.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bado niko stoo. Hanga za mbao upande huu, za waya upande ule. Vidole vyote vina vidonda.

Mchana nimetoka nje, mtandao unakoshika, nikajaribu kivinjari kinachoitwa Pazia. Sifa yake ni usiri. Ukikifunga kinasahau kila kitu: ulikotoka, ulichotafuta, wewe ni nani. Nilikipenda sana kwa muda wa chakula cha mchana. Hakuna matangazo yatakayomfuata mama humo.

Nikakifunga. Nikakifungua. Kimenisahau, kama kilivyoahidi. Nywila zangu zote nilizoziweka humo zimekwenda na maji. Barua pepe haifunguki. Nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi, kwa kujibu swali nililochagua mwenyewe zamani: baba yako alipenda nini kuliko vyote?

Nikajibu saa. Wapi.

Nikajibu mama. Wapi.

Nikajibu kahawa. Wapi, na nimefungiwa hadi kesho.

Nilirudi stoo, nikakaa kati ya hanga nikijiuliza alipenda nini basi. Kusema kweli sijui. Jioni zake za mwisho, mikono ilipoanza kutetemeka na kazi ya saa ikamshinda, alikuwa anakaa mezani na hiyo hiyo tableti, akidonoa kwa kidole kimoja hadi chakula kinapoa. Nilidhani anacheza karata. Sikuwahi kumuuliza. Ukimkatiza alikuwa mkali.

Basi, Pazia potelea mbali. Nimechagua Mbayuwayu. Kina mbio, kinafukuza matangazo, herufi zake unazikuza hadi zinatosha ukuta, na nembo yake ni ndege mwenye uso wa uchangamfu. Kesho dada anampeleka mama kliniki ya macho. Chumba kitakuwa wazi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ushindi! Siku nzuri kuliko zote mwaka huu, ingawa mvua haijakatika.

Dada alikuja kumchukua mama mapema. Mlango ulipofungwa tu, nikaingia chumbani. Kitanda kimetandikwa vizuri. Saa ya ukutani ya baba inagonga. Nikafunua mtandio, nikaanza kazi.

Mbayuwayu akagoma kuingia. Nafasi haitoshi. Nikafuta mchezo wa kupanga rangi, bado. Nikafuta kikokotoo, bado. Kitu kizito kuliko vyote humo ndani kilikuwa, nani asiyejua, kivinjari cha shemeji! Kimenenepa kama kupe. Nikajiuliza kinakula nini mpaka kinenepe hivyo. Matangazo, bila shaka. Matangazo ya mwaka mzima yamejirundika humo.

Nikabonyeza kufuta. Kikaniuliza kama nina uhakika, kwa kuwa vyote vilivyohifadhiwa ndani yake vitafutika pia. Ndiyo maana nafuta, mjinga wewe! Nikabonyeza ndiyo. Kikatoweka bila hata kuaga. Nilihisi mwili mwepesi.

Mbayuwayu akaingia bila shida. Nikakuza herufi. Nikapaka kioo mate, nikafuta kwa mtandio. Nikaiweka nembo ya ndege mahali pale pale ilipokuwa ile ya zamani, ili kidole cha mama kiende chenyewe. Hayo shemeji hangeyafikiria.

Waliporudi nilikuwa nimesimama kizingitini kama bwana harusi. Nikamkabidhi. Nikamweleza mbio, herufi, ndege. Mama alikuwa amechoka, lakini akasema ahsante, mwanangu, umefanya vizuri. Halafu alipokaa kitandani akasema tena, ahsante. Mara mbili!

Dada alinivuta jikoni akaniambia daktari amesema jicho la kushoto ndiyo basi, halirudi, na la kulia nalo linafuata polepole. Analia. Nikamwambia asiwe na shaka, herufi za Mbayuwayu ni kubwa sana. Akafuta machozi, akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi kimya. Alasiri kimya. Nyuma ya mlango, hakuna sauti ya mashine. Nikajua mama bado anashangaa uzuri wa herufi.

Kisha akaniita. Mimi! Si shemeji! Jina langu, kutoka chumba cha nyuma, kwa sauti yake mwenyewe! Niliruka mezani hadi kiti kikaanguka.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, tableti mapajani. Akaniuliza kwa utaratibu kurasa za baba ziko wapi.

Kurasa gani za baba?

Akanieleza. Alieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Baba hakuwa anacheza karata. Kulikuwa na tovuti ya mafundi saa, watu wa kila nchi walikuwa wanaleta shida za saa zao, na baba alikuwa anawajibu. Kwa kidole kimoja. Jioni zote zile. Mwaka jana tovuti hiyo ilikuwa inafungwa, na kabla haijafungwa shemeji alikaa na mama, wakatafuta majibu ya baba yote, wakayahifadhi ndani ya kivinjari. Kila alasiri mama alikuwa anachagua moja, mashine inamsomea.

Akasema saa hazimhusu kitu. Hata springi haijui. Ila baba alikuwa anawafokea watu humo, na alifoka vile vile alivyokuwa anafoka hapa nyumbani.

Nikacheka kidogo, nikasema Mbayuwayu hashindwi na kitu. Nikatafuta. Ukurasa haupatikani. Nikatafuta kwa maneno mengine. Ukurasa haupatikani, na yule ndege amechorwa ameinua mabawa kama anayesema yeye hajui.

Mama haoni vizuri, kwa hiyo hakumwona ndege. Akauliza kama zimepatikana. Nikasema bado natafuta, mama.

Nikaenda kusimama chooni. Nilisimama sana.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku mbili za aibu. Naandika kwa ufupi.

Jana nilikirudisha kivinjari cha zamani. Kimerudi kitupu, safi, kikanikaribisha kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilitaka kukitupa dirishani.

Kisha nikapata wazo ambalo wakati ule lilionekana zuri. Nikamwambia mama kwamba nimechunguza, na kwa masikitiko makubwa, aliyefuta kurasa ni shemeji, Jumatatu ile alipopunguza picha. Bahati mbaya tu, nikasema. Binadamu hukosea. Tusimlaumu.

Mama akasema lakini Alhamisi alisikiliza lile la mafuta kwenye ncha ya sindano.

Loh! Nimeumbuka. Alhamisi nililisikia mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni!

Hakunifokea. Angenifokea ningejua pa kusimama. Alisema tu, basi. Akakunja ule mtandio, akauweka juu ya tableti, akalala akitazama ukuta. Chakula cha jioni hakukigusa. Saa ya baba ikawa inagonga pale juu. Mke wangu alipita na sahani iliyorudi, akaniambia kwa sauti ya chini nimpigie shemeji. Nikasema thubutu. Akasema basi atampigia yeye, na ataeleza kila kitu, pamoja na suruali ya mkuu wa shule.

Nikampigia.

Amekuja leo, kalowa tena. Akafuta miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, nilikuwa nimetunga na majibu. Hakutukana. Akauliza kama nilifuta au nilikizima tu. Nikasema nilifuta. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaishika tableti bila kuiwasha. Macho yake yakajaa machozi, mtu mzima, muuza makava! Akasema yeye naye alikuwa anapenda kuyasoma. Mzee alikuwa hacheki naye alipokuwa hai, ila humo aliwahi kumchekesha hadi machozi.

Kisha akakumbuka kwamba siku moja alipiga picha jibu moja kwa simu yake kwa sababu lilimchekesha. Akatafuta. Lipo. Moja tu. Akalituma kwenye tableti ya mama, akaenda kumwambia mwenyewe. Hakuniita.

Roho inaniuma. Na kama vile hayo hayatoshi, wakati napiga mswaki nimekumbuka jibu la lile swali la usalama. Baba yako alipenda nini kuliko vyote? Niliandika: mimi. Ujana huo!

Jumatano, 15 Oktoba

Tumepata tatizo jipya. Mashine haiwezi kusoma ile picha. Kwake picha ni picha, herufi zake hazioni, kama mama.

Nimetoka kazini, nikaambiwa mama ananihitaji. Shemeji alikuwa ameshapita mchana akamwonyesha mambo fulani kwenye tableti, sikuambiwa yapi, na ameshaondoka. Mke wangu angeweza kusoma. Dada angeweza kusoma kwenye simu. Mama akasema hapana, atanisubiri mimi.

Niliketi miguuni pa kitanda. Mama akapapasa tableti kidogo kwa kidole, akaniambia haya, soma. Nikasoma. Nakili hii hapa, nisije nikasingiziwa kwamba nimetia chumvi:

"Bwana, nimesoma maelezo yako yote na sijaona ugonjwa wa saa, nimeona ugonjwa wa mkono. Umeifungua Jumatatu, umeifungua Jumatano, Ijumaa umeifungua tena. Kila ukiifungua unaingiza vumbi na kutoa kitu kilichokuwa mahali pake. Funga mfuniko. Rudisha saa ukutani. Kaa nayo chumba kimoja uisikilize. Na hayo mafuta uliyomimina, lo, saa si kikaango!"

Maneno makali mno kwa mtu aliyeuliza kwa adabu. Nilimhurumia huyo bwana. Nadhani hata sauti yangu ilionyesha kukereka, maana mama alicheka. Alicheka! Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniomba nisome tena, polepole, na pale kwenye kikaango nifoke kidogo. Nikafoka.

Akasema nina sauti ya baba. Hasa nikikereka. Akasema hajui kwa nini alikuwa anasikiliza yule mwanamke wa mashine muda wote huo na mimi nipo humu humu ndani.

Akanishika kifundo cha mkono, akauliza kama kesho nikitoka kazini nitakuja nimsomee tena. Na kesho kutwa. Akasema siku hizi hata mwanga wa dirisha umeanza kumpungukia, na jioni zimekuwa ndefu. Si lazima nisome hilo, akasema, hata gazeti, hata vikaratasi vya dobi.

Nilitoka nikiwa na mawazo mengi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeelewa shida iko wapi!

Usiku kucha maneno ya mama yalinizunguka. Jioni ndefu. Anasubiri mchana kutwa mpaka mimi nirudi, na nikirudi nimechoka, nina vidonda vya hanga, koo limekauka. Maskini mama yangu. Analazimika kutegemea sauti ya mpiga pasi kwa sababu vivinjari vyote tulivyompa ni vibovu. Mwana gani anamwacha mama yake katika hali hiyo?

Leo stoo nilisimama juu ya sanduku, mtandao ukashika, nikatafuta mapumziko yote. Na nimepata. Kinaitwa Kinanda. Kinasoma hata herufi zilizo ndani ya picha! Na kina sauti za kila aina, za wanaume, hata za wazee. Moja inaitwa Babu, ni nzito, ina kukereka kidogo kwa mbali. Ukiisikia huwezi kuitofautisha na marehemu, au karibu huwezi. Mama hatahitaji kumsubiri mtu tena. Shemeji atakoma!

Nimerudi mbio kabla ya muda wangu. Bi Mvuke amesema kitu nilipokuwa natoka, sikusimama kusikia. Nimemwomba mama tableti mara moja, nikamwambia namwandalia zawadi, akasema sawa baba, lakini usichelewe, nakusubiri tusome. Niko nayo hapa mezani.

Kinanda kinagoma kuingia. Nafasi haitoshi. Nilijua!

Safari hii nimekuwa mwangalifu, sikurupuki. Kivinjari cha zamani sijakigusa. Picha ya jibu la baba ipo, nimeihakikisha. Nimepekua moja moja nikaona mzigo wenyewe: faili la sauti, kubwa, halina jina, limeingia jana jioni. Nikalifungua kidogo, maana nimejifunza. Kitanda kinalia. Mtu anakohoa. Kisha mwanamume fulani mwenye sauti ya kukereka anaanza kumwita mtu bwana. Simjui. Nikalizima pale pale. Matangazo tena, yameanza kuingia hata kama sauti! Yangemfikia mama hayo!

Nimebonyeza kufuta. Inaniuliza kama nina uhakika.

Mama ananiita kutoka nyuma. Jina langu, mara ya pili sasa. Nimemjibu asubiri kidogo, mama, namalizia tu, hutahitaji kuniita tena.

Nimebonyeza ndiyo.